Kikundi kinakata pumzi kuanzia dakika ya pili ya onyesho: kubana pumzi ndiyo dawa?

KochaBahari_DSM

Wakuu, heshima kwenu. Nahitaji mchango wa wanaoujua uogeleaji wa kisanii, ule wa kucheza na muziki majini.

Kikundi ni wasichana 6 wa miaka 13 hadi 16. Bwawa ni la wazi, mita 25, na upande wa kina umeandikwa mita 2.2. Vipindi ni 4 kwa wiki, dakika 90 kila kimoja: viwili saa 12:15 asubuhi kabla ya shule, viwili jioni. Onyesho lao ni la dakika 2 na sekunde 45, na zimebaki wiki 12.

Dakika ya kwanza hakuna shida. Ikifika 1:40 hivi, maji yanapanda kutoka kwapani hadi shingoni, magoti yanaanza kupinda wakiwa kichwa chini miguu juu, na hesabu za muziki zinachelewa. Kwenye fristaili ya mita 400 aliye mbele anatumia 6:40, wa mwisho 8:10.

Nashauriwa niongeze kubana pumzi: mita 25 chini ya maji bila kuvuta hewa, mara 10 kila kipindi. Wengine wanasema niwakimbize kwenye mchanga wa Coco Beach. Je, tatizo ni mapafu, ni stamina ya kawaida au ni ufundi? Napimaje? Na hizo 25 za kubana pumzi zina faida?

---

MapafuNaMoyo

Kocha, anza na hizo 400 zako, maana sehemu kubwa ya jibu imo humo.

Kazi ngumu ya dakika 2 hadi 3 na nusu haiendeshwi na nguvu za ghafla peke yake. Zaidi ya nusu ya nishati inatoka kwenye njia inayotumia oksijeni (aerobiki), na kadiri sekunde zinavyosonga ndivyo sehemu hiyo inavyokua. Mkimbiaji wa mita 800 naye yuko hivyo hivyo, ila yeye anahema muda wote. Muogeleaji wa kisanii karibu nusu ya onyesho lake uso uko chini ya maji.

Uso ukizama na pumzi ikibanwa, moyo unapunguza mapigo na mishipa ya damu ya mikono na miguu inajibana ili oksijeni ibaki kwa ubongo na moyo wenyewe. Tatizo ni kwamba miguu hiyo hiyo iliyopunguziwa damu ndiyo unayoitaka ishike msamba juu ya maji. Inafanya kazi kwa oksijeni pungufu, lakteti (zao la misuli inayofanya kazi kwa oksijeni pungufu) inapanda, kaboni dayoksaidi inajaa kwenye damu. Akiibuka, moyo unaruka juu. Mapigo 180 hadi 190 kwa dakika mwishoni mwa onyesho si ajabu kwa umri huo. Anapata pumzi 2 au 3, anazama tena.

Stamina inafanya kazi yake kwenye zile sekunde chache za juu. Mwenye msingi mzuri wa aerobiki anarudisha akiba ya fosfokreatini (nishati ya haraka ya misuli) haraka zaidi, kwa sababu akiba hiyo hujazwa kwa oksijeni, na misuli yake inaichoma lakteti kama mafuta badala ya kuiacha irundikane. Mwenye msingi mdogo anaingia haibridi (kile kipande cha kichwa chini, miguu juu) ya pili akiwa hajamaliza deni la kwanza, na ya tatu akiwa na madeni mawili. Ndiyo maana wanaanguka 1:40 na si 0:40. Mapafu yenyewe kwa kawaida hayana kosa. Msichana mwenye afya ana nafasi ya kutosha ya hewa.

Halafu angalia tofauti ya 6:40 na 8:10. Wote sita wanafuata muziki mmoja, lakini kasi ambayo kwa wa mbele iko chini kidogo ya kizingiti chake (kasi anayoweza kuishikilia bila lakteti kurundikana), kwa wa mwisho iko juu kabisa ya kizingiti. Kwa kuwa kikundi kinahukumiwa kwa ulinganifu, yeye ndiye anayeamua dakika ya mwisho ya wenzake watano.

Ila usiiabudu 400. Ukichukua waogeleaji wawili wanaokaribiana kiwango, mwenye 400 nzuri zaidi si lazima awe ndiye atakayenyanyuka juu zaidi. Stamina ni kikwazo hadi mstari fulani. Ukishauvuka, ufundi wa mikono na nguvu ya nyonga vinatawala. Huyo wa 8:10 bado hajaufikia.

---

Mwokozi_wa_Bwawa

Nijibu la mita 25 mara 10. Usifanye, hasa mwishoni mwa kipindi wakiwa wamechoka.

Kinachomfanya mtu atamani kuvuta hewa ni kaboni dayoksaidi kupanda. Kushuka kwa oksijeni kunamsukuma kidogo sana. Mtoto akihema haraka haraka kabla ya kuzama anapunguza kaboni dayoksaidi sana, lakini oksijeni ya ziada anayoipata ni ndogo mno. Kwa hiyo kengele ya kutaka hewa inachelewa kulia, oksijeni inaisha kwanza, anazimia kimya kimya. Hakuna kupiga kelele wala kurusha mikono. Kwa aliye ukingoni anaonekana kama bado anateleza vizuri chini ya maji.

Hili halichagui kiwango. Juni 2022, kwenye mashindano ya dunia Budapest, Anita Alvarez wa Marekani alizimia mwishoni mwa onyesho lake la peke yake akazama. Kocha wake Andrea Fuentes aliruka na nguo zake akamtoa. Alvarez alikuwa mwanamichezo wa Olimpiki, mwenye miaka mingi ya mazoezi, na bwawa zima lilikuwa linamtazama. Sasa jiulize bwawa lenye wasichana sita na kocha mmoja mwenye simu mkononi.

Ukitaka mazoezi ya kubana pumzi, yawepo kwa masharti haya:

– Wawili wawili: mmoja anazama, mwenzake yuko juu ana kazi moja tu, kumtazama. Hakuna kuzama wote pamoja.
– Kabla ya kuzama ni pumzi za kawaida, ya mwisho ya kina, basi. Kuhema haraka ni marufuku, na ukimwona anafanya mtoe kwenye zoezi.
– Mwanzoni mwa kipindi, baada ya kupasha mwili, wakiwa wabichi.
– Umbali mfupi: mita 10 hadi 12, mara 6, mapumziko sekunde 45 au zaidi. Akitaka hewa anaibuka, na asichekwe.
– Hakuna mashindano ya nani amekaa muda mrefu zaidi. Hapa ndipo ajali nyingi zinapozaliwa.

Akizimia: toa uso wake juu ya maji kwanza, mpeleke ukingoni, mtoe. Fungua njia ya hewa kwa kuinamisha kichwa nyuma na kuinua kidevu. Kama hapumui, mpe pumzi 5 za kuanzia, halafu kama hakuna dalili ya uhai, migandamizo 30 ya kifua kwa pumzi 2, bila kuacha hadi msaada ufike. Usianze kumkamua tumbo ili atapike maji. Namba ya gari la wagonjwa la hospitali iliyo karibu ibandikwe ukutani, maana foleni za Dar unazijua.

---

Papa_Kigamboni

Mwokozi nakuheshimu, ila unatisha watu. Wachezaji wakubwa wanabana pumzi kila siku. Mwili usipozoea kukosa hewa utazoea lini? Mimi nasema mita 25 zibaki, apunguze tu idadi.

---

Mwokozi_wa_Bwawa

@Papa_Kigamboni mkuu, kuzoea kupo, sikatai. Mtu anaweza kujifunza kutulia kaboni dayoksaidi inapopanda. Lakini mazoea hayo yanapatikana kwenye onyesho lenyewe na vipande vyake, ambako kila sekunde 10 hadi 20 chini ya maji hufuatwa na pumzi. Mita 25 moja kwa moja ni ustadi wa mtu anayeteleza mlalo. Kwenye haibridi msichana yuko wima, kichwa chini, mikono inafanya skalingi (kupangusa maji kwa viganja ili ajishikilie) ya nguvu, miguu inabadilisha maumbo. Kwa hiyo unachukua hatari kubwa ili upate faida isiyofanana na kazi. Na hao wakubwa wana waokozi ukingoni. Sisi wengi wetu hatuna hata mmoja.

---

SaaMkononi

Kocha uliuliza unapimaje. Usinunue chochote zaidi ya saa ya kuhesabia sekunde na daftari.

Kwanza pima bwawa kwa tepu ya fundi. Baadhi ya mabwawa ya hoteli na shule hapa mjini yanaitwa mita 25 kumbe ni 20 au 22, na hapo hesabu zote zinaharibika.

Siku ya kwanza: pasha mwili dakika 12, halafu fristaili mita 400 kwa nguvu zote, kuanzia majini kwa kujisukuma ukutani, bila kupiga mbizi. Siku ya pili, saa ile ile: mita 200 kwa nguvu zote. Usizifanye siku moja kwa watoto, ya pili itadanganya.

Hesabu: toa muda wa 200 kwenye muda wa 400, ugawe kwa 2. Hiyo ndiyo kasi ya kizingiti kwa kila mita 100. Mfano: 400 ni 7:20 (sekunde 440), 200 ni 3:30 (sekunde 210). Tofauti ni 230, nusu yake 115. Kasi yake ni 1:55 kwa mita 100, yaani sekunde 29 hivi kwa kila mita 25.

Makosa yanayoharibu kipimo ni mawili. La kwanza ni kuondoka kwa kasi ya mita 50 kisha kufa katikati. Andika muda wa kila 100, na kama ya kwanza ni ya haraka kuliko ya tatu kwa zaidi ya sekunde 8, rudia wiki ijayo. La pili ni 200 ya uvivu: ukiiogelea taratibu, hesabu inakupa kasi ya uongo iliyo juu mno, na mtoto ataungua kwenye mazoezi huku wewe unadhani ana uvivu.

Ukishapata kasi, kila mmoja aogelee kwa kasi yake yeye. Hapa ndipo makocha wengi wanapokosea: wanawapanga wote mstari mmoja, wa mbele anapumzika, wa nyuma anakufa. Gawa njia mbili, watatu kwa watatu, waachiane sekunde 10.

Wiki 1 hadi 4, katika vipindi 3 kati ya 4: mita 100 mara 8 kwa kasi ya kizingiti, mapumziko sekunde 15. Aliyeko nyuma afanye mita 50 mara 16, mapumziko sekunde 10. Kazi ni ile ile ila ufundi hauvunjiki. Dalili ya kasi sahihi ni kwamba ya nane inalingana na ya kwanza kwa tofauti ya sekunde 2 au 3. Akianza kuchelewa kwenye ya tano, kasi ni kubwa, punguza sekunde 3, usimfokee.

Wiki 5 hadi 9, changanya: mita 50 fristaili kwa kasi ya kizingiti, akifika upande wa kina aingie moja kwa moja egibita (kujiinua wima kwa kuzungusha miguu kwa zamu) sekunde 30 mikono ikiwa nje ya maji, apumzike sekunde 20. Mara 12. Inakula kama dakika 22. Zoezi hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu linamlazimisha ashike kimo huku moyo tayari uko juu, na ndilo tatizo lenu.

Mapigo ya moyo: vidole viwili shingoni, hesabu sekunde 10, zidisha kwa 6. Usihesabu mara tu anapoibuka kutoka chini ya maji, kwa sababu kubana pumzi kunashusha mapigo kwa muda na utapata namba ya kukufurahisha bure. Acha sekunde 5 zipite, hesabu, halafu hesabu tena baada ya dakika moja. Unachokitafuta wiki hadi wiki ni mapigo ya baada ya dakika moja kuzidi kushuka kwa kazi ile ile.

Rudia 400 na 200 wiki ya 6. Mabadiliko ya kweli ya aerobiki yanaonekana kuanzia wiki 6 hadi 8, kwa hiyo wiki 12 zinatosha ukianza sasa. Siku 7 hadi 10 za mwisho punguza wingi hadi karibu nusu, lakini ukali ubaki.

---

DadaEgibita

Yote mazuri, lakini nina wasiwasi mtaogelesha hawa watoto kilomita nyingi ili wapate oksijeni ya kuipoteza kwenye egibita mbovu. Kocha umesema maji yanapanda kutoka kwapani hadi shingoni. Mara nyingi hiyo ni stamina na ufundi vimeshikana mikono, na ufundi unarekebishika haraka zaidi.

Chukua simu, mtu aishike usawa wa maji, na mwingine arekodi chini kwa simu iliyo kwenye mfuko usiopitisha maji. Angalia haya:

Mapaja. Yanatakiwa karibu mlalo, magoti yamefunguka mapana kuliko mabega, kama mtu aliyekaa kwenye kigoda. Akichoka magoti yanashuka, na miguu inaanza kukanyaga kwenda chini na mbele. Hapo anasukuma maji lakini hajiinui.

Vifundo. Mguu ukizunguka kutoka nje kuja ndani, kidole gumba kigeuke nje na unyayo uwe bapa. Unyayo uliolegea unakata maji bila kuyakamata. Kulegea huku ndiko kunakotangulia kabla kimo hakijashuka, kwa hiyo kitafute kwenye video kuanzia 1:20.

Mpokezano. Mguu wa kulia na wa kushoto havisukumi pamoja. Vikianza kusukuma pamoja utaona kichwa kinapanda na kushuka. Waamuzi wanakiona, na kila kushuka kunagharimu nguvu ya kupanda tena.

Kiwiliwili. Akiinama mbele, nyonga zinarudi nyuma na mgongo unafanya kazi isiyo yake.

Kwa skalingi ya kichwa chini: viwiko vibaki karibu na mbavu, mkono kuanzia kiwiko hadi kiganja uwe mlalo, viganja vitazame sakafu ya bwawa, na mwendo uwe wa kwenda nje na kurudi ndani bila kupampu juu na chini. Vidole pamoja. Goti linalopinda hewani mara nyingi chanzo chake ni kiwiko kilichoondoka mbavuni: kimo kinashuka, anaogopa kuzama, anapinda goti ili kuupunguza uzito ulio juu ya maji. Ukimwambia "nyoosha goti" unatibu moshi. Mwambie arudishe kiwiko.

Zoezi: egibita dakika 1 mara 6, mapumziko sekunde 30, mikono juu. Wiki ya 3 mpe chupa ya plastiki ya lita 1.5 iliyojaa maji aishike juu ya kichwa kwa mikono miwili. Ikizama haina uzito wa maana, ikiwa hewani ni kilo moja na nusu, kwa hiyo hawezi kudanganya. Bandika kipande cha plasta kwapani. Plasta ikizama zaidi ya sekunde 3, raundi imeisha, apumzike. Usimwache amalize dakika akiwa amezama, maana anajifunza kuzama.

Sasa kitu ambacho naona hakuna aliyekigusa: ramani ya pumzi. Andika onyesho zima kwenye karatasi, hesabu 8 kwa 8. Weka alama kila mahali uso uko juu ya maji. Kisha amua pumzi inaingia kwenye hesabu ipi, kwa kila msichana. Wengi hawajapangiwa, wanavuta hewa wakikumbuka. Na kosa kubwa zaidi ni kuibuka mapafu yakiwa bado yamejaa hewa chafu, kwa sababu walikuwa wanaibana hadi mwisho. Anaibuka ana nusu sekunde, anaitumia kutoa, hakuna nafasi ya kuingiza. Toa hewa kwenye hesabu mbili za mwisho ukiwa unapanda, kwa mdomo, maana pua ina kibano. Mdomo ukifika juu kazi ni moja: kuvuta. Na tabasamu lisiwafungie meno! Tabasamu la mdomo wazi linapitisha hewa.

Ukiona kwenye ramani kuna zaidi ya sekunde 20 bila pumzi baada ya 1:30, badilisha mpangilio. Ongeza hesabu 4 za mikono juu kati ya haibridi mbili. Kumbuka pia mfumo wa alama ulioanza kutumika kimataifa msimu wa 2023: ugumu unautangaza mwenyewe kwenye kadi kabla ya shindano, na haibridi isipofanyika kama ilivyotangazwa inapewa alama ya msingi, ugumu wote wa kipengele hicho unaanguka. Haibridi ya tatu iliyotangazwa kwa tamaa, ikifanywa na watoto waliokata pumzi, inakula kazi ya haibridi mbili za kwanza. Mimi ningeipunguza hiyo ya mwisho leo, sio wiki ya mashindano.

---

KochaBahari_DSM

Wakuu mmenifungua macho. Kibano cha pua na kutoa hewa kabla ya kuibuka sijawahi kulifundisha kama somo. Mambo matatu bado. (1) Bwawa ni la wazi, jioni maji yanakuwa ya moto kabisa, na naona vipindi vya jioni wanachoka mapema kuliko vya asubuhi. (2) Wanne kati ya sita wanafunga Ramadhani, na itaangukia ndani ya wiki hizi 12. (3) Lile la kuwakimbiza mchangani halijajibiwa.

---

MapafuNaMoyo

Joto: mashindano ya mchezo huu hufanyika kwenye maji ya nyuzi 27 hivi. Bwawa la wazi Dar, Januari hadi Machi, linaweza kupita 30 jioni. Kwenye maji ya hivyo mwili unashindwa kumwaga joto, damu nyingi inapelekwa kwenye ngozi, na mapigo yanapanda kwa kazi ile ile. Kwa hiyo kasi ya kizingiti ya asubuhi usiilazimishe jioni. Nunua kipimajoto cha bwawa. Ikizidi 30, ongeza sekunde 3 hadi 5 kwa kila 100, au peleka kazi yote ngumu ya aerobiki asubuhi na jioni iwe ufundi, ramani ya pumzi na vipande. Hata majini wanatoka jasho, ila hawalioni: kila mmoja na chupa yake ukingoni, mililita 150 hadi 200 kila dakika 20.

Mchangani: kukimbia kunajenga moyo, sikatai, lakini sehemu kubwa ya faida inabaki miguuni mwa mkimbiaji. Mabega na mikono inayofanya skalingi haipati kitu. Kama bwawa limefungwa, dakika 25 za kukimbia polepole ni bora kuliko kulala. Kama bwawa lipo, tumia muda huo majini. Kamba ya kuruka, dakika 1 mara 8, inatosha kwa siku za nchi kavu, na inasaidia zaidi kwa busti (kuchomoka ghafla juu ya maji) kwa sababu inazoesha msukumo wa ghafla.

---

Lishe_Temeke

Kocha, kwa Ramadhani hamisha vipindi hadi saa 3 usiku, baada ya futari nyepesi (tende, uji, maji) na kabla ya mlo mkubwa. Kama bwawa halina taa, bora saa moja kabla ya magharibi, ufundi tu, hakuna mita 100 za kizingiti wala kubana pumzi kwa namna yoyote. Mtu aliyefunga ana maji pungufu na sukari ndogo. Kumwongezea kukosa hewa ni kutafuta balaa. Katika wiki hizo kazi ngumu mara 2 inatosha kushikilia alichonacho.

Siku za kawaida, wale wa saa 12:15 asubuhi wengi wanakuja tumbo tupu. Ndizi moja au kikombe cha uji dakika 30 kabla. Baada ya kipindi wale ndani ya saa moja, kitu cha wanga na protini: viazi na mayai, chapati na maharage.

Na hili waambie wazazi bila kuzunguka. Mchezo huu unavaliwa nguo za kubana na wasichana wanaanza kujinyima. Mwenye nishati pungufu, stamina haipandi hata ufanye kila kilichoandikwa hapo juu. Hedhi ikikatika miezi 3 mfululizo, au binti wa miaka 15 hajawahi kuiona, apelekwe kwa daktari, isichukuliwe kuwa ni dalili ya mazoezi mazuri. Anayehema kupita wenzake kwa kazi ndogo, amepauka, analala darasani: apimwe wingi wa damu na akiba ya madini ya chuma. Damu pungufu inabeba oksijeni kidogo, na hakuna mita 100 itakayolitibu hilo. Dagaa, maini, maharage na mchicha vyenye limao, na chai isogezwe saa moja mbali na chakula kwa sababu inazuia chuma kufyonzwa. Kupima uzito mbele ya wenzao, acha kabisa.

---

SaaMkononi

Nimalizie la vipande vya onyesho, vinavyoanza kabla zoezi la wiki 5 hadi 9 halijaisha.

Wiki 7 hadi 8: gawa onyesho katikati. Nusu ya kwanza, mapumziko sekunde 20, nusu ya pili. Pumzika dakika 4, rudia. Punguza zile sekunde 20 hatua kwa hatua: zikawa 15, 10, 5. Wiki 9 hadi 11: onyesho zima mara 2, kati yake dakika 8, na siku moja kwa wiki onyesho zima likifuatwa mara moja na dakika ya mwisho tena. Hiyo ya mwisho ni kali, mwokozi awe ukingoni. Usipige onyesho zima mara 5 kwa kipindi. Kuanzia la tatu wanafanya mazoezi ya kukosea.

---

DadaEgibita

Na kocha, hiyo 2.2 ihakikishe. Kwa egibita na vipande inatosha kama hakuna anayegusa sakafu. Kusimamia sakafu kunakatwa alama kwenye mashindano, na mtoto aliyezoea kuigusa kwa ncha ya kidole atashangaa akifika kwenye bwawa la mita 3. Kwa mirusho ya kumtupa mwenzao juu, haitoshi, usijaribu: anayerushwa anaweza kurudi kichwa kwanza, na walio chini wanasukumwa hadi sakafuni. Pima kwa kamba yenye jiwe sehemu nne za upande ule wa kina. Namba iliyochorwa ukutani mara nyingi ni ya sehemu moja tu, karibu na bomba la kutolea maji, na mita tatu pembeni yake unaweza kukuta 1.8.